Ukungu Niliouchagua

Mwaka wa 1950 ndio ulionivunja. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Serikali ya Wazungu ilitufukuza Olenguruone, nyumba yetu ikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na kabla ya mwaka kwisha baba akafa. Shule nilikuwa nimesoma miaka miwili, na huo wa pili nilisoma nusu. Nasema mapema ili msomaji asitafute maneno makubwa hapa. Kuandika nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili maandishi ya magunia na masanduku, na kama kuna neno limekaa vibaya, liache likae.

Ninaandika kwa sababu mwaka jana wajukuu walinikasirikia. Mmoja wao alikuwa anaoa, na vijana wa muziki wakataka kumwaga ule ukungu wa kufunika miguu ya maharusi wakicheza, uonekane kama wanatembea juu ya mawingu. Nikasema hapana, si ndani ya hema nililoketi mimi, na watoto wachanga wanatambaa kwa mikeka. Wakasema mzee amekuwa mkaidi, anaharibu harusi. Sikuwaeleza. Hata mke wangu alikufa bila kuelezwa. Sasa naeleza.

Nakuru nilifika mwaka uliofuata, nikiwa sina viatu. Nilibeba magunia ya mahindi karibu na stesheni mpaka bega likatoka kidonda. Hapo ndipo mzee mmoja seremala aliponiona, akanunua ndizi mbili, akanipa moja. Akaniuliza kama najua kushika msumeno. Nikasema najua. Nilikuwa sijui. Alicheka akasema, "Uongo wako ni wa mtu anayetaka kazi. Twende."

Yeye alifanya kazi katika ukumbi wa michezo wa Wazungu. Ukumbi huo haupo tena, na jina lake silitaji. Walowezi walikuwa wanakuja kutoka mashambani na magari yao ya vumbi, wanavaa nguo za kifalme, wanapaka rangi usoni, wanaigiza na kupigiana makofi wenyewe kwa wenyewe. Viti vya ukumbi havikuwa vyetu kukalia. Sisi tulivifuta tu. Lakini kila kitu walichokanyaga juu ya jukwaa kilitengenezwa na yule mzee: ngazi, nguzo za uongo, miti ya uongo, mpaka kiti cha mfalme. Mimi nikawa mkono wake. Alinifundisha randa, patasi na gundi, na usiku nililala sakafuni katika chumba chake kule lokesheni, mtaa wa Waafrika. Aliniita kijana. Nilimwita Mzee, lakini moyoni nilimwita jina lingine, kwa sababu baba sikuwa naye.

Mkewe alikuwa Kabazi, katika shamba la Mzungu, akichuma maua ya pareto. Mzee alikwenda kumwona mara moja kwa mwezi, anarudi na viazi na maneno ya huko. Mjini alikaa kwa karatasi ya kazi. Mimi pia. Serikali ilipotangaza hali ya hatari, watu wa kabila letu walikuwa wanakusanywa na kupakiwa kwenye malori, wanapelekwa huko wanakoambiwa ndiko kwao, hata kama mtu hajawahi kukanyaga huko. Aliyekuwa na karatasi iliyotiwa sahihi na mwajiri aliachwa. Asiye nayo alipanda lori. Ilikuwa rahisi hivyo.

Karatasi zetu zilitiwa sahihi na memsahib aliyesimamia michezo. Mwanamke mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, Kiswahili chake cha jikoni. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka jambo liende, na likienda anakusahau.

Mwaka wa 1955 Mzee alianza kushindwa. Magoti yaliuma, na jicho moja liliingia wingu. Siku moja alikuwa amebeba ukuta wa mbao na turubai, ukamponyoka, ukamwangukia bwana mmoja mguuni. Bwana huyo alipiga kelele wiki nzima. Memsahib akaniita kando, akaniambia mwisho wa mwezi Mzee atapumzika. Kupumzika maana yake karatasi inakwisha. Karatasi ikiisha, lori. Na mtu wa magoti yale, kupelekwa mahali hana nyumba wala shamba, mke amebaki Kabazi, huyo ametupwa tu.

Nilifikiri siku mbili. Mchezo waliokuwa wanauandaa ulikuwa na mtumbwi unaopita kwenye bwawa, ndani yake amelala binti-mfalme aliyekufa zamani, sijui hadithi yote. Mtumbwi tuliutengeneza sisi, ukawekwa juu ya magurudumu manne. Ungevutwa kwa kamba iliyopita kwenye ufa wa sakafu hadi chini ya jukwaa, na huko chini mtu angezungusha mpini wa winchi, chombo cha kukunja kamba. Chini ya jukwaa palikuwa na chumba kifupi kilichochimbwa ardhini, ngazi sita za kushuka, mlango mmoja wa kutokea nje, dirisha hakuna. Kazi ya kukaa. Haitaki magoti wala macho, inataka mkono wa pole.

Nikaenda kwa memsahib nikamwambia Mzee avute mtumbwi.  Akasema, "Sawa. Kama boti nakwenda vizuri, mzee nakaa. Kama boti naharibika, mzee nakwenda." Halafu akaongeza kwamba mtumbwi wenyewe unamtia wasiwasi, kwa sababu magurudumu yanaonekana, na watu wataona bwawa lake ni sakafu. Bila ukungu mzito wa kulala chini, angeutoa mtumbwi kabisa.

Basi mambo yakakaa hivi: Mzee anategemea mtumbwi, mtumbwi unategemea ukungu. Mimi nikaushika huo ukungu kama mtu anayeshika kamba kisimani.

Akaniuliza kama nimewahi kuona ukungu wa kweli. Nilikaribia kucheka. Nimezaliwa Olenguruone. Kule asubuhi ukungu unashuka kutoka Mau, unakaa mabondeni, unakamua ng'ombe ambaye huoni miguu yake. Mgongo wa ng'ombe uko juu kama unaelea. Nikamweleza hivyo. Akafurahi, akasema huo ndio anautaka, na kuanzia siku hiyo kila jaribio aliniita mimi nisimame mwisho wa ukumbi, niseme kama ndio au sio. Kijana wa miaka kumi na tisa, wa nusu ya darasa la pili, anahukumu kazi ya Wazungu. Niliinua kidevu, sikatai. Mzee aliniita Bwana Ukungu. Nikipita na ufagio anapiga saluti.

Tulianza na karai la makaa na unga wa mbao uliolowa. Moshi ulipanda moja kwa moja hadi kwenye dari, ukashuka kwenye viti, msichana wa mtumbwini akakohoa mpaka akatapika. Nikasema sio.

Halafu bwana mmoja wa kamati yao akaleta mashine ya kuchemsha mafuta, iliyotoka Nairobi kwa kuazima. Ilikuwa nzuri kwa macho, ya chuma cheusi, ina mdomo kama filimbi. Ilipopata moto ilitema wingu jeupe zito, na yule bwana akajipigia makofi. Lakini wingu lile lilikuwa la moto, na kitu cha moto kinapanda. Baada ya dakika mbili waigizaji hawana vichwa, wana miguu. Nikamwambia memsahib huo ni ukungu uliosimama kichwa chini. Pia uliacha utelezi wa mafuta sakafuni. Yule bwana akasema mimi najua nini. Mzee akaninong'oneza kwa lugha yetu kwamba Wazungu wamekimbia ukungu wa bure kwao, wamekuja kuununua huku.

Tukajaribu mvuke. Pipa la maji juu ya jiko la kuni nje, bomba likapitishwa dirishani. Mvuke ulilowesha pazia na mbao zikaanza kuvimba, mtumbwi ukakwama wenyewe. Sio.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Memsahib alikuwa ameanza kusema juu ya kuutoa mtumbwi. Hapo ndipo mtu akamwambia habari za barafu kavu. Kilikuja kwa lori kipande kimoja cha kujaribu, kimefungwa kwa magazeti na gunia, kutoka kiwanda cha mahali gesi inapotoka ardhini yenyewe, kule upande wa Ravine. Dereva akatuonya tusishike kwa mkono mtupu. Mzee, kwa kuwa ameonywa, akashika. Akaiachia haraka, akapuliza kidole, akasema, "Hii barafu imeoa moto."

Tulichukua pipa, tukalitia maji ya moto, tukavunja barafu kwa nyundo tukaitumbukiza, tukafunika, tukaacha mdomo mpana wa bati kando. Nikakimbia mwisho wa ukumbi.

Nasema kweli, nywele zilinisimama. Ukungu ulitoka mdomoni mwa bati bila haraka, ukaanguka sakafuni, ukajitandaza. Haukupanda hata kidogo. Ulikuwa baridi, na kitu cha baridi kinashuka. Ulifunika magurudumu, ukafika ukingo wa jukwaa, ukamwagika kama maziwa yanayofurika. Hauna harufu, haumfanyi mtu akohoe. Mtumbwi ulipovutwa, ulipita kama vile ng'ombe wetu walivyokuwa wakipita. Memsahib akaniita mara mbili. Nikasema, "Ndio. Huu."

Memsahib alinipa mkono mbele ya watu. Na nilimwona Mzee akipanda kutoka chini, anafuta jasho, anatabasamu na meno yake machache. Alikuwa amepata kazi yake.

Sasa nifike kwenye taa ya kule chini.

Siku ya pili ya mazoezi na barafu, Mzee aliita kutoka chini, sauti ikipita kwenye nyufa za mbao.

"Kijana! Taa yako imekufa."

"Imekufaje?"

"Imekufa tu. Haina adabu."

Ilikuwa taa ya chemni, ya mafuta ya taa. Niliipandisha nje nikaiwasha, ikawaka vizuri. Nikateremka nayo ngazi, na kwenye ngazi ya nne ikafifia ikazimika, kama mtu ameipuliza. Nikakata utambi. Nikasafisha chemni. Ikazimika tena. Nikasema ni mafuta. Nilikwenda mpaka dukani nikamwambia mwenye duka, mbele ya wateja wake, kwamba anachanganya mafuta na maji, ni mwizi.  Yeye alimimina mafuta kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akatia kiberiti, yakawaka mpaka kifuniko kikakauka. "Onyesha maji," akasema. Watu wakacheka. Nikaondoka nimekasirika, na sikukubali. Nilinunua mafuta duka lingine, na taa ikazimika vilevile.

Mzee siku hizo alisema kichwa kinamgonga kama nyundo na pumzi inamwisha kama amepanda mlima. Nikamwambia apunguze ugoro. Akasema ugoro ameanza kabla sijazaliwa na haujamgombeza hata siku moja. Tukacheka.

Dawa ya taa niliipata mwenyewe. Nilinunua tochi. Tochi haijali mafuta wala utambi. Nilimpelekea Mzee, akaiwasha na kuizima mara kumi, akajimulika kidevuni, akaniambia sasa na yeye ni askari, nimwonyeshe karatasi. Nilijiona mtu mwenye akili sana. Kitu kimoja kilikuwa kinasema kweli mle chumbani, nacho kilikuwa ile taa, na mimi niliiondoa.

Mchezo wenyewe ulikuwa Jumamosi alasiri, kwa sababu siku zile walowezi hawakupenda kusafiri giza likiingia. Tulitundika mablanketi kwenye madirisha ili ukumbi uwe na giza. Lakini mwanga wa jua uliingia chini ya jukwaa kwa pengo la mlango, ukapenya kwenye nyufa za sakafu, ukafanya mistari kwenye ukungu. Memsahib akasema mistari hiyo inaua bwawa lake. Nikachukua magunia matupu, nikamwambia Mzee akae sawa, nikafunga mlango kwa nje, nikayasokomeza kwenye mapengo yote, chini na kando. Nilifanya kazi safi. Hakuna mwanga uliopita. Na kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa na taa za jukwaa zina joto, nilitia barafu mara mbili ya ile ya mazoezi.

Ishara yetu ilikuwa mguu. Nikipiga sakafu mara mbili, avute. Nilisimama kando ya jukwaa nyuma ya pazia, pipa mbele yangu, sufuria la maji ya moto mkononi. Ukungu ukatoka. Watu ukumbini wakavuta pumzi kwa pamoja, niliwasikia. Nikapiga mguu mara mbili. Mtumbwi ukaanza kwenda, polepole, vizuri kuliko siku zote, na msichana amelala ndani yake na maua.

Katikati ya jukwaa ukasimama.

Nilidhani ni kamba. Kisha kamba ikalegea kidogo, nikaelewa kwamba mkono umeachia. Msichana alisema maneno yake yote, akanyamaza, akaanza kuyasema tena. Mtu mmoja kwenye viti akacheka. Memsahib akanijia gizani, akanibana mkono juu ya kiwiko.

"Mzee wako nalala."

Nikapiga mguu mara mbili. Nikangoja. Nikapiga tena, kwa kisigino. Nilimtukana moyoni. Niliona lori, niliona karatasi yake, niliona kazi yangu yote ya wiki tatu inaharibiwa na usingizi wa mzee mmoja. Na ukungu ulikuwa unaanza kupungua, gurudumu la mbele limeanza kuonekana. Basi nikafungua pipa, nikamimina maji ya moto yote yaliyokuwa kwenye sufuria, nikatia na barafu iliyobaki. Ukungu ukajaa tena. Nikauangalia ukimwagika, mwingine kwenye viti vya mbele, mwingine ukizama kwenye ule ufa wa kamba na nyufa nyingine zote, unaenda chini. Niliuona ukienda. Nilifurahi kwamba magurudumu yamefunikwa.

Pazia likafungwa. Nikazunguka nje, nikang'oa magunia, nikafungua mlango. Ndani tochi ilikuwa sakafuni, inawaka, na mwanga wake umezama kwenye weupe. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya winchi, mkono mmoja juu ya mpini, kichwa kimeinama, kama mtu anayetafuta msumari. Nikasema, "Mzee, umetuaibisha."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Kama aliyasikia au la, sijui. Nimeishi miaka mingi nikiomba iwe hakusikia, na ukiomba hivyo unaomba mtu awe alikuwa amekufa tayari.

Nilipomfikia kichwa changu kilizunguka na kifua kikafunga. Nilimshika miguu nikamburuta ngazi ya kwanza, ya pili, nikaanguka. Mlinzi wa lango alisikia nikiita, akaja tukamtoa pamoja, tukamlaza kwenye nyasi juani. Jua lilikuwa kali. Miguu ya viatu vizuri ikaja, na mmoja wao alikuwa daktari, aliyekuwa amekuja kutazama mchezo, glasi bado iko mkononi. Aliinama, akamgusa shingo, akainuka. Akasema ni moyo. Akasema ni uzee.

Mchezo ulikuwa na sehemu moja imebaki. Wakauigiza. Mtumbwi ulisukumwa pembeni. Niliambiwa niweke viti vitatu jukwaani kwa sehemu hiyo, na nikaviweka, kimoja kulia, viwili kushoto, kama tulivyozoea.

Tulimzika Jumatatu kwenye makaburi ya mji. Mkewe alihitaji ruhusa kutoka kwa Mzungu wa shamba, na ruhusa ilipotoka kaburi lilikuwa limefunikwa.

Dereva wa barafu alirudi Ijumaa, kwa sababu mchezo ungerudiwa Jumamosi. Mtumbwi walikuwa wameutoa lakini ukungu waliupenda. Akauliza yule mzee wa ugoro yuko wapi. Nikamwambia. Akakaa kwenye ubao wa lori, akaniuliza alikuwa ameketi wapi. Nikamwonyesha. Akaniuliza kuna dirisha. Nikasema hakuna. 

"Na taa? Taa haikuzimika?"

Nikasema ilizimika. Akanieleza kwamba ule moshi mweupe ni maji tu, lakini ndani yake kuna gesi ya barafu, na gesi hiyo ni nzito, inakaa chini, inajaa shimo kama maji yanavyojaa, na huioni. Kule inakotoka ardhini, alisema, wafanyakazi hawashuki shimoni bila taa mbele. Taa ikifa, mtu anarudi nyuma. Ndege wanakutwa wamelala kwenye mabonde madogo, mabawa mazima. Kila mtu wa huko anajua.

"Nani aliwaambia muiweke juu ya shimo lenye mtu?"

"Mimi," nikasema.

Aliniangalia, akateremka, akaanza kushusha magunia yake. Alipoondoka niliibeba barafu yote hadi nyuma ya choo nikaimwaga kwenye majani. Nilikwenda kwa memsahib nikamweleza alichosema dereva, neno kwa neno. Alivua miwani. Nadhani alielewa. Kisha akasema daktari ameandika moyo, na maneno imekwisha. Akauliza barafu iko wapi. Nilipomwambia, akasema mwisho wa mwezi nisirudi.

Nilikuwa na siku tisa za karatasi. Siku ya kwanza nilichukua sanduku la vyombo vya Mzee, nikalibeba kichwani, nikaenda Kabazi. Sehemu moja nilipata lori la maziwa, sehemu nyingine kwa miguu, mpaka kwenye nyumba za nyasi za wafanyakazi wa shamba. Mkewe alikuwa nje, amepiga magoti mbele ya turubai la pareto, anageuza maua yakauke. Mama mfupi, mikono imepasuka. Alinitambua kwa lile sanduku. Hatukuwa tumewahi kuonana.

Ningeweza kusema ni moyo. Njiani nilikuwa nimeamua kusema ni moyo. Lakini aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa naye?" Na nikasema yote. Kazi ya kukaa, barafu, taa, tochi, magunia. Alisikiliza bila kuacha kugeuza maua. Nilipofika pale mtumbwi uliposimama, akainua kichwa.

"Ulikwenda kumtoa?"

"Hapana, Mama. Niliongeza maji."

Akarudi kwenye maua. Aligeuza upande mmoja wote wa turubai, na mimi nimesimama na sanduku kichwani, maana hakuniambia nilitue. Baadaye akasema niliweke pale mlangoni. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha uji, akanipa pale pale nje.

"Alikuwa akikusema sana," akaniambia. "Kila akija. Kijana wangu hivi, kijana wangu vile. Nilikuwa nangoja uje uoe huku tukuone." Akaninyang'anya kibuyu kabla sijamaliza. "Umesema ukweli, nimesikia. Sasa nenda. Na usirudi, kwa sababu nikikuona nitauona mkono wako unamimina."

Sikurudi. Uhuru ulipokuja na mashamba yakagawanywa, nilisikia kwamba alipata kipande huko huko, na kwamba alizeeka vizuri. Nilisikia pia alipokufa. Nilifika kwa gari mpaka njia panda, nikaona watu wengi na hema, nikageuza. Alikuwa ameniambia nisirudi, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kunifungulia neno hilo.

Mimi mwisho wa mwezi ule nilipakiwa lori pamoja na wengine. Niliyoyaona huko ni hadithi nyingine. Nilirejea Nakuru mwaka wa 1960 na mikono mitupu, nikaanza kutengeneza vitanda kando ya barabara. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba. Nilioa, nikazaa watoto saba, nikasomesha wote. Wanafunzi wa useremala nilifundisha wengi, lakini katika chumba changu sikulaza hata mmoja.

Leo nina nyumba ya mawe Kiamunyi, vyumba vitano, paa la vigae. Nina ploti ya pili nyuma yake, imezungushwa seng'enge. Nina karakana ya mbao yenye madirisha manane na milango miwili, msumeno wa stima, na mafundi wanne. Nina pikapu moja, ya zamani, inatembea. Ekari sita za mahindi na viazi, hati iko kwa jina langu. Matangi mawili ya maji. Kabazi sina kitu. Ng'ombe ni watatu, mmoja anakaribia kuzaa.